Udugu wa Kiganjani na Adabu ya Hodi



Kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla sijamimina chai, simu yangu huanza kutetema juu ya meza. Wa kwanza huwa ni ami yangu wa Lamu, ambaye hatuachi bila ya dua na salamu za asubuhi. Humfuatia binamu yangu aliyeko Muscat, ambako saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja. Kisha huingia mpwa wangu wa London, aliye katika zamu ya usiku hospitalini. Hadi nitakapomaliza mahamri yangu mawili, ujumbe umekwishafika thelathini: huyu aeleza homa ya mtoto, yule auliza bei ya nazi, na mwengine ametuletea picha ya paka.

Hilo ndilo kundi letu la ukoo katika WhatsApp. Vijana walilianzisha mwaka 2015 kwa ajili ya mchango wa matibabu ya bibi yetu mmoja. Bibi huyo amekwishatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini kundi limebaki, nasi hivi leo tumefika watu 94. Wengine kati yao sijapata kuonana nao uso kwa uso, na huenda tusionane maishani.

Nimekusudia katika makala haya kuuliza swali ambalo nimekuwa nikijiuliza kwa muda mrefu: je, kundi kama hili ni jamii ya kweli, au ni zogo tu la watu walio mbalimbali? Na ikiwa ni jamii, ni upi wajibu wa kila aliyemo? Silileti swali hili kama mtu aliyesimama pembeni. Mimi mwenyewe nimepata kuteleza ndani ya kundi, na kuteleza kwangu kukamfika jirani asiyekuwa na kosa. Nitalieleza jambo hilo mbele, inshallah, ingawa kulieleza kwaniona haya.

Mtandao si mgeni pwani

Vijana hudhani kwamba kuunganika na watu wa mbali ni jambo lililokuja na intaneti. Laiti wangalijua jinsi wazee wetu walivyounganika! Mwambao huu wote, kutoka visiwa vya Lamu hadi Mombasa, Pemba, Unguja na kuendelea kusini, ulikuwa umefungamana na Oman, Hadhramaut na Bara Hindi kwa kamba mbili: upepo na nasaba. Majahazi yalishuka na kaskazi na yakapanda na kusi. Aliyeandika barua Lamu kumpelekea nduguye Arabuni aliitia mkononi mwa nahodha, kisha akangoja. Jawabu ilirudi na msimu mwengine, pamoja na tende na habari za waliozaliwa na waliokufa.

Ukiitazama vizuri barua ile, utaona kuwa haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilianza kwa salamu za watu ishirini, ikataja kila shangazi na kila mjomba kwa jina lake, na ilipofika ilisomwa kwa sauti mbele ya nyumba nzima. Asiyejua kusoma alisikia fungu lake. Kwa hivyo barua ilikuwa ni kundi, ila kundi hilo lilizungumza mara moja kwa mwaka.

Hapa nyumbani tulikuwa na baraza. Nyumba za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa na viti vya mawe kando ya mlango, na baada ya alasiri au baada ya isha wanaume walikaa hapo na kahawa chungu, wakapashana habari. Akina mama nao walikuwa na njia zao: ualishi wa arusi ulipita nyumba kwa nyumba, na kila mlango ulibishwa hodi. Kisha, mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha hapa Mombasa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu, ili mawazo ya baraza moja yafike katika baraza nyingine.

Basi hamu ya kuunganika ni ya kale. Kilichobadilika ni kasi yake, na kasi ndiyo inayotutahini.

Kadi za salamu

Wasomaji wa rika langu watakumbuka pia kadi za salamu. Redio ya taifa, iliyokuwa ikiitwa Sauti ya Kenya kabla ya kurejea kuwa KBC mwaka 1989, ilikuwa na vipindi vya salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza majina ya wale aliotaka kuwasalimu, akaituma kwa posta, kisha akakaa karibu na redio siku nyingi akisubiri kusikia jina lake likitajwa. Watu walijipa majina ya kupendeza, na mtangazaji akayasoma kwa madaha.

Lakini jambo la ajabu lilikuja baada ya hapo. Watu wasiojuana kabisa, mmoja Malindi, mmoja Kakamega, mmoja Machakos, walizoeana kwa kusikiana redioni. Wakaunda vyama vya salamu, wakachagua viongozi, wakatoa michango, wakatembeleana, na mwenzao alipofiwa walisafiri kwenda kumzika. Mtu alifika kijiji asichokijua, akataja jina lake la redioni, akapokewa kama ndugu.

Nalitaja hilo kwa sababu lina funzo. Urafiki wa vyama vya salamu ulianzia hewani, lakini haukukaa hewani. Ulipata miguu. Ulikwenda matangani, ulibeba unga na sukari, uliketi mkekani na wafiwa. Nadhani hapo ndipo penye jawabu ya swali langu la mwanzo: kundi lolote, liwe la barua, la redio au la simu, huwa jamii pale linapoweza kumtoa mtu nyumbani kwake kwenda kumsaidia mwenzake.

Siku mji ulipofungwa

Mwezi wa Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali iliufunga Mji wa Kale wa Mombasa. Kuingia na kutoka kulikatazwa. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi, mazishi yaliwekewa idadi ya watu, na tulikuwa katika Ramadhani. Sitausahau ukimya wa usiku ule, bila ya tarawehe na bila ya watoto njiani.

Katika siku hizo shemeji yetu mmoja mwenye maradhi ya sukari aliishiwa na insulini. Mkewe aliandika katika kundi maneno machache tu. Jawabu ya kwanza ilitoka Muscat. Binamu yangu aliyeko huko alikumbuka kwamba mwanafunzi mwenzake wa zamani, ambaye hawakuwa wakizungumza ila siku za Idi, alikuwa na ndugu mwenye duka la dawa upande wa pili wa kisiwa chetu. Akampigia. Haikupita saa moja, dawa ikaletwa hadi kwenye kizuizi cha polisi, ikapokewa, na shemeji akadungwa sindano kabla ya futari.

Fikiria, ndugu msomaji: haja ilitoka Mji wa Kale, ikavuka bahari hadi Oman, ikarudi Mombasa, yote hayo ili kuziba masafa ambayo mtu huyatembea kwa miguu. Sisi tuliokuwa karibu hatukumjua mwenye duka lile. Aliyemjua alikuwa mbali.

Hesabu ya makundi

Jambo hilo lilinifanya nitafute waliyoyasema wataalamu. Nikakuta kuwa Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alikwishaliandika mwaka 1973. Aliwauliza watu walipataje kazi zao, akagundua kwamba wengi walipata habari kutoka kwa watu wa kujuana tu, ambao huonana nao mara chache, kuliko kutoka kwa marafiki wa chanda na pete. Sababu yake ni nyepesi: rafiki yako wa karibu anajua yale unayoyajua wewe, maana mnakaa baraza moja. Mtu wa kujuana naye kwa mbali ana baraza lake jingine, na habari zake ni ngeni kwako. Uzi wake ni mwembamba, lakini ndio unaofika ng'ambo.

Kabla yake, mwaka 1967, Mmarekani mwengine, Stanley Milgram, alieleza jaribio la namna hiyo. Watu wa majimbo ya mbali walipewa barua ya kumfikia mtu wasiyemjua karibu na mji wa Boston, kwa sharti la kumpa mtu wanayemjua wao, naye ampe anayemjua yeye. Barua nyingi zilipotea njiani. Lakini zile zilizofika zilipitia mikononi mwa watu kama watano au sita tu. Dunia ni pana kwa anayeitembea, ila kwa anayejuana na watu ni ndogo.

Yuko pia Robin Dunbar, mtaalamu wa Uingereza, aliyekadiria katika miaka ya 1990 kwamba mwanadamu huweza kushika uhusiano wa kweli na watu wapatao 150, yaani kuwajua, kujua wanavyohusiana, na kuwajali. Wapo wanaoipinga hesabu hiyo, lakini kila aliyewahi kusimamia arusi ya pwani anajua kuwa kuna mpaka ambao ukiuvuka, huwezi tena kukumbuka nani hakualikwa.

Nasi tuliofunzwa hesabu za mirathi hatushindwi kuona shida nyengine. Watu 10 katika kundi hufanya jozi 45 za watu wanaoweza kupendana au kukosana. Watu 94 kama sisi hufanya jozi 4,371. WhatsApp iliruhusu watu 256 katika kundi mwaka 2016, na mwaka 2022 ikapandisha hadi 1,024. Mashine imepanuka, lakini moyo wa mwanadamu haukupanuka pamoja nayo. Ndiyo maana kundi likikua, neno lililokusudiwa kwa mmoja husomwa na mia, na kila mmoja hulisoma kwa jicho lake. Kwetu sisi, neno moja la mzaha kuhusu shamba la urithi liliwatoa watu watano kundini kwa usiku mmoja. Haikutatuliwa kwa simu. Ilibidi tuketi ukumbini kwa ami, saa tatu nzima, macho yakitazamana, ndipo wakarejea.

Milango mitatu

Sasa nije katika lile nililoahidi.

Mtaani kwangu yuko mama mmoja anayeuza viazi vya karai, bajia na kachiri. Mumewe alifariki akamwachia watoto wanne, naye amewalea kwa sinia lile. Nyumba yake na yangu zimetengana kwa milango mitatu.

Jioni moja, baina ya magharibi na isha, niliingiziwa ujumbe wa sauti katika kundi la wanafunzi wenzangu wa zamani wa madrasa. Sauti ya mwanamke, yenye kilio, ilisema kwamba watoto wameugua matumbo baada ya kula viazi, ikautaja mtaa wetu na pembe anayouzia muuzaji. Haikutaja jina lake, lakini pembe ile ina muuzaji mmoja tu. Sikumjua mwenye sauti. Aliyenitumia naye alikuwa ametumiwa. Nilijiambia kwamba watoto ni amana, na kwamba kunyamaza ni dhambi. Nikautuma katika makundi matatu: la ukoo, la wazazi wa madrasa, na la msikiti. Kazi hiyo yote haikuchukua muda wa kunywa maji. Kisha nikaenda kusali isha kwa moyo mkunjufu, nikidhani nimetenda wema.

Nilichosahau ni kwamba ujumbe ule, kabla ya kupita kwangu, ulikuwa ni maneno ya mtu asiyejulikana. Ulipopita kwangu, ukawa ni maneno ya sheikh. Watu hawakusema tena "nimesikia". Walisema "Maalim kasema".

Kesho yake nilipotoka kusali magharibi niliona sinia lake limejaa, ilhali kwa kawaida yeye humaliza mapema. Siku ya tatu hakutoka kabisa. Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia, nikamtafuta baba wa watoto waliotajwa. Akaniambia kuwa kweli watoto wake waliugua, lakini daktari alisema sababu ni maji ya tangi la nyumbani, na kwamba hawakula kitu chochote cha mama yule.

Nilikwenda mlangoni kwake nikabisha hodi. Akanikaribisha, akanipa kiti, akaniletea maji ya kunywa. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema:

"Maalim, baina ya mlango wangu na wako ni milango mitatu. Lau ungebisha hodi jana ile kama ulivyobisha leo, ningekuonyesha mafuta yangu, na maji yangu, na mikono yangu. Au simu imekuwa jirani zaidi kuliko mimi?"

Wallahi sikuwa na jawabu.

Nilirekodi ujumbe wa kukanusha, nikaomba msamaha kwa jina langu katika makundi yote matatu. Msamaha wangu ulifika katika makundi hayo matatu, lakini ule ujumbe wa kwanza ulikuwa umekwishavuka kwenda nisikokujua. Kwa wiki nzima nilikuwa nikitoka alasiri, nakaa kando ya sinia lake, nala viazi vyake mbele ya wapita njia. Nilimlipa kile nilichoweza katika hasara yake. Wateja walirejea mmoja mmoja, kwa zaidi ya mwezi. Lakini wako ambao hadi leo, wakifika pembe ile, huvuka upande wa pili wa njia. Yeye amenisamehe. Mimi kila niwaonapo watu hao hukumbuka kidole changu.

Habari isiyo na isnadi

Kinachoniuma zaidi ni kuwa mimi si mtu wa kutojua. Nilifunzwa tangu utotoni kwamba Suratul Hujurat inatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukaja tukajuta. Nilifunzwa elimu ya hadithi, ambayo msingi wake ni isnadi: nani amekwambia, yeye aliambiwa na nani, je, walikutana, je, ni mkweli, je, ana hifadhi nzuri. Maulamaa walisafiri mwezi mzima kwa ajili ya kuthibitisha hadithi moja. Nami sikuweza kutembea milango mitatu.

Ujumbe unaosambazwa kwa simu ni habari iliyokatwa isnadi. Unapoupokea humwoni aliyeusema kwanza, humjui alisema lini wala kwa sababu gani. WhatsApp yenyewe imeliona tatizo hili. Mwaka 2018 huko Bara Hindi, uvumi kuhusu wezi wa watoto ulienea kwa simu, na watu wasio na hatia wakauawa na umati. Katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, wanaume watano waliuawa kwa siku moja, tarehe 1 Julai. Mwaka uliofuata kampuni iliweka mpaka kwa dunia nzima: ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja. Mwaka 2020 ikazidisha: ujumbe uliokwishapita mikono mingi, ule wenye alama ya mishale miwili, husambazwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Hapa kwetu, Kenya ilipitisha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni mwaka 2018, na sheria ya kulinda data za watu mwaka 2019.

Hayo yote ni mema, lakini sheria na mishale hufika baada ya kosa. Aliye mbele ya kosa ni wewe na kidole chako. Ukiiona mishale miwili, jua ya kwamba ujumbe huo umepita kwa wengi, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyebisha hodi.

Adabu za kundi letu

Baada ya mkasa ule tulikaa, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, tukaandikiana adabu za kundi la ukoo. Naziweka hapa kwa ufupi, huenda zikazifaa nyumba nyengine.

Kwanza, kundi lina wasimamizi watatu: mzee mmoja, mama mmoja na kijana mmoja. Kijana hujua mashine, mama hujua nani ana shida na amenyamaza, na mzee husikizwa panapotokea mzozo.

Pili, habari ya kudhuru mtu, duka au nyumba haiingizwi kundini mpaka mwenye kuileta awe ameiona mwenyewe au amemuuliza mhusika. Akiulizwa "umeipata wapi?", asikasirike. Swali hilo ni la kielimu, si tusi.

Tatu, habari ya msiba haitangazwi mpaka wafiwa wa karibu wajue. Tulipata dada mmoja aliyejua kifo cha babake kwa kusoma "inna lillahi" za watu katika simu, akiwa ndani ya matatu. Hilo lisirudiwe.

Nne, picha za arusi na za ndani ya nyumba ni sitara. Katika sherehe za wanawake wengi wetu huzuia simu mlangoni, basi ni ajabu picha hizo zitoke kwa mkono wa jamaa. Picha haitumwi bila ya idhini ya aliyemo, na ya mtoto bila ya idhini ya wazazi wake.

Tano, mchango una mweka hazina wawili, na hesabu hutolewa kundini kila unapofungwa: kimeingia kiasi gani, kimetumika wapi, kimebaki nini. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kutoa kumekuwa rahisi. Kuaminiana bado kunataka karatasi.

Sita, ugomvi hauzungumzwi kundini. Wawili wakikosana, msimamizi huwatoa pembeni, wapigiane, na ikiwezekana waketi.

Saba, na hii ndiyo niipendayo zaidi: kila asiyekuwa na simu ya intaneti amewekewa mtu wake. Khalati yangu, aliyetimiza miaka themanini, ana simu ya mulika mwizi. Kwa miaka mitatu tulijadili mambo ya ukoo bila yake, na alikuwa wa mwisho kujua kwamba nduguye amelazwa. Siku aliyojua alinipigia akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimetolewa lini katika ukoo huu?" Sasa kila Alhamisi jioni mjukuu wake mmoja huenda kwake, humsomea habari za wiki, na humrekodia salamu zake. Sauti ya khalati ikiingia kundini, watu wote 94 hunyamaza wakasikiliza. Na mjukuu yule, aliyekuwa haonekani kwa bibi yake ila siku ya Idi, sasa hula chakula chake cha jioni pale pale.

Tamati

Basi nirejee katika swali langu. Je, makundi haya ni jamii ya kweli? Jawabu yangu ni kwamba kundi ni njia ya kupitia tu. Njia humfikisha mtu nyumbani kwa nduguye, lakini haimbishii hodi wala haimwingizii ndani. Hayo ni ya mtu mwenyewe. Kuunga kizazi ni amri tuliyopewa kabla ya simu, na itabaki baada ya simu. Anayetuma "pole" kwa mgonjwa aliye mtaa wa pili, ilhali ana miguu mizima, hajamzuru. Na aliyeko Muscat au London, ambaye hana njia ila simu, ujumbe wake wa asubuhi una thamani kubwa, basi tusiuache bila ya kuujibu.

Wiki hii, ndugu msomaji, nakuomba mambo mawili mepesi. Pitia orodha ya majina katika kundi la ukoo wako, umtafute mmoja ambaye hajaandika neno kwa mwezi mzima, umpigie kwa sauti. Na ukiletewa habari mbaya ya jirani, weka simu chini, vaa viatu, uhesabu ni milango mingapi kutoka kwako hadi kwake.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu, azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na awarehemu wazee wetu waliotuachia udugu huu. Amin.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.